CHOMBO HAKIFUNDISHI PASIPO MWALIMU



Babu zetu walianzishwa chuoni kwa ubao wa mti, wino na kalamu ya mwanzi. Ubao ule haukumfundisha mtu. Aliyefundisha ni mwalimu: aliandika, akasomesha, akasikiliza, kisha akasahihisha. Leo watoto wetu wanaletewa vibao vya umeme, yaani tableti. Basi yatupasa tuulize: je, pamoja na chombo kipya, njia ya kufundisha nayo imetengenezwa?

Katika mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza nchini Kenya waliahidiwa kompyuta. Kuanzia mwaka 2016 Serikali iligawa tableti, pamoja na vyombo vya waalimu, zaidi ya milioni moja katika skuli za msingi za umma. Jambo hili lilikuwa kubwa, nalo lastahili sifa. Lakini katika skuli nyingi vyombo hivyo vilifungiwa kabatini, kwa kuchelea wezi, au kwa kuwa waalimu hawakupata mafunzo ya kutosha. Kisha, Machi 2020, skuli zikafungwa kwa sababu ya korona, masomo yakapitishwa redioni na katika televisheni. Hapo ikadhihirika kwamba redio husema wala haisikii: mtoto akikosea nyumbani, hapana wa kumsahihisha.

Tuchukue mfano wa Molo, mji wa Kaunti ya Nakuru ulio karibu mita 2,500 juu ya bahari, nchi ya baridi, viazi na pareto. Mwalimu wa huko akitaka kusomesha habari za maji kujaa na kupwa, ataonyesha nini? Pengine hapana darasani mwake aliyepata kuiona bahari. Hapa tableti ina manufaa makubwa, kwani picha inayotembea huweza kuonyesha kwa dakika moja kazi ambayo bahari huifanya kwa muda wa kama saa sita. Lakini mwalimu asiionyeshe yote kwa mfululizo. Aisimamishe katikati, awaulize watoto: mwadhani maji yatafika wapi, na kwa nini? Kila mmoja aandike jawabu yake, ndipo picha iendelee. Kwa njia hii mtoto hufikiri, hakai akitazama tu.

Ama somo likiwa juu ya maradhi ya viazi, si haki kumwonyesha mtoto wa Molo picha ya jani na hali shamba liko nyuma ya darasa. Na atoke, alishike jani, ayahisabu madoa yake. Kisha alipige picha, na baada ya siku chache alipige tena, apate kulinganisha. Kanuni ni hii: kilicho mbali kionyeshwe, kilicho karibu kiguswe.

Nasi wa pwani kanuni hii yatuhusu. Mtoto wa Mombasa au Lamu aonyeshwe pareto kwa picha. Lakini mkoko, na aende akautazame kwa macho yake.

Basi, enyi wazazi, mkiombwa mchango wa vyombo vya skuli au madrasa, toeni, kwani kuikataa elimu mpya ni kuwadhulumu watoto. Lakini kwanza ulizeni mambo matatu: Nani atawafunza waalimu? Chombo kitatumiwa katika masomo yapi? Kikiharibika, kitatengenezwa na nani, na kwa fedha gani? Yasipopatikana majibu, mtakuwa mmenunua mapambo ya kabati kwa fedha iliyotoka mifukoni mwa maskini.