Mashine ya Hospitali Isife Kabla ya Wakati Wake

Vidokezo kwa wauguzi na wakuu wa hospitali wa Lubumbashi.

1. Uliza volti kabla ya kusema asante. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ni volti 220, hertzi 50. Mashine nyingi za Marekani zinataka volti 120 na hertzi 60, na transfoma hurekebisha volti tu, hertzi haizigusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa uko wazi: kisichofaa kwa mtoaji hakifai kwa mpokeaji. Kataa kwa adabu.

2. Kumbuka mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kuchemsha mikasi ndani ya sufuria hakuui vijidudu vyote hata pwani, na hapa maji huchemka karibu nyuzi 96 tu. Na autoklevu je? Geji yake hupima shinikizo linalozidi lile la hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi. Pwani, paundi 15 kwa inchi ya mraba zinafikisha nyuzi 121. Huku zinahitajika kama 17. Ukisimama kwenye 15 umemfungia mama wa upasuaji vyombo visivyo salama. Tumia utepe wa autoklevu, ule unaobadilika rangi, kila mzunguko, na ufuate kipimajoto.

3. Kiangazi ni vumbi. Kuanzia Mei, osha kichujio cha mtambo wa oksijeni kila wiki, hata mara mbili. Sabuni, maji mengi, kivulini mpaka kikauke kabisa. Uwe na viwili vya kupokezana, mtoto asikose hewa kwa sababu sifongo bado ni mbichi. Pima pia oksijeni inayotoka: ikishuka chini ya asilimia 82, mtambo uende kwa fundi.

4. Umeme ukikatika, zima. Ukirudi, subiri dakika chache. Kishindo cha kurudi huunguza mashine nyingi. Stabilaiza inunuliwe pamoja na mashine.

5. Fundi aitwe kwenye kikao cha kununua. Mji huu umelea mafundi umeme tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, lakini wa vifaa vya tiba lazima afundishwe, alipwe kila mwezi na apewe kitabu cha maelekezo kwa Kifaransa. Vipuri vidogo viagizwe siku hiyohiyo ya kununua mashine, visije vikasubiriwa mpakani Kasumbalesa mgonjwa akiwa kitandani.

6. Funga daftari kwa kamba kwenye kila mashine: tarehe, aliyesafisha, kilichoharibika. Fundi ataanzia hapo.