KUNG'OA MAGUGU KATIKA BUSTANI ILIYOACHWA

Bustani ya mboga ikiachwa bila jembe kwa mvua za mwaka mmoja tu, hugeuka kichaka. Si kwa uvivu daima. Mara nyingi mwenye nyumba ameugua, au amefiwa, au amekwenda mbali kutafuta fedha. Lakini magugu hayaulizi sababu.

Na afikiriwe mama mmoja katika milima ya Kivu. Mumewe aliugua tangu Septemba, mvua zilipoanza, hata Mei, zilipokoma. Mama akamwuguza, na bustani ikasahauliwa. Watoto wakala mboga za kuomba. Mwisho wa Agosti wanawe wawili wakashika panga, wakafyeka kila kitu kwa asubuhi moja, wakarudi nyumbani wakijisifu. Mvua za kwanza zilipoanguka, mama akapanda mbegu zake zote za lengalenga na vitunguu. Baada ya majuma matatu magugu yalikuwa yamezisonga zote. Vijana hawakukosa nguvu; walikosa kumjua adui wao.

I. MAGUGU HURUDI KWA NJIA TATU

1. Kwa mbegu. Mfano wake ni kishona nguo, chenye mbegu nyeusi nyembamba zinazoshika nguo za wapita njia na manyoya ya mbuzi. Mmea mmoja uliostawi waweza kuzaa mbegu zaidi ya 3,000. Magugu ya namna hii yafaa kung'olewa kabla ya kuchanua. Yakiwa yamekwisha kuzaa, yasitikiswe: yatiwe kikapuni taratibu, yachukuliwe nje ya bustani, yachomwe huko.

2. Kwa mizizi. Ukoka hutambaa chini ya udongo, na kila kifundo chake chaweza kuchipuka. Ndago nayo ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga katika uzi. Kufyeka majani ya hayo ni kama kumnyoa nywele mgeni asiyetaka kuondoka. Ni lazima kuchimba, kufuata mzizi kwa mkono, na kuuanika juu ya jiwe mpaka uvunjike kama kijiti. Kwa sababu hiyo kazi hii yapasa kufanywa Juni na Julai, jua linapokausha, wala si mvua ikiwa mlangoni.

3. Kwa shina. Kuna gugu laini lenye maji mengi na maua madogo ya buluu. Kipande chake kikiachwa juu ya udongo wenye unyevu, hutoa mizizi mipya. Hilo likusanywe lote, lisiachwe hata kipande.

II. UTARATIBU WA KAZI

Mkulima mwenye busara haianzi bustani nzima kwa siku moja. Hupima hatua tano kwa tano, humaliza hapo, ndipo husonga mbele. Mlimani, majani yasiyo na mbegu wala mizizi hatari huyapanga kwa mistari inayokingama mteremko, ili mvua isichukue udongo mzuri.

Mvua za kwanza zikianguka, hapandi upesi. Hungoja kama majuma mawili, mpaka mbegu za magugu zilizofichika zichipuke. Kisha, siku ya jua, huparua udongo juu juu kwa jembe, bila kuchimba sana, asije akaziinua nyingine kutoka chini. Ndipo hupanda. Hapo ndipo mama yule alipopotewa na mbegu zake. Mboga zikisha kuota, mkulima hufunika udongo katikati ya mistari kwa nyasi kavu, na kila juma hung'oa magugu yakiwa bado madogo.

III. MAANGALIZI

Si kila jani lisilopandwa ni adui. Lengalenga iliyojiotea yaweza kuliwa. Lakini lengalenga ya miiba, ikiwa changa, hufanana na ile ya kupandwa. Mtoto asiachwe kung'oa kabla ya kuonyeshwa tofauti.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 13, mwenye shamba aliwakataza watumishi wake kung'oa magugu, asije akapoteza ngano pamoja nayo. Hatari hiyo mkulima huijua vema. Karibu na mche, mkono mmoja hukandamiza udongo, na wa pili huvuta gugu. Udongo ukiwa laini baada ya mvua, gugu hutoka pamoja na mzizi. Lakini katika maharagi yafaa kungoja majani yakauke kwanza, kwa maana ugonjwa huchukuliwa na mikono na nguo zilizolowa.

Tena jambo moja. Kama jirani kumi wangalimpa mama yule asubuhi moja moja, mume akiwa kitandani, bustani isingalipotea. Mgonjwa aletewa uji na kuombewa. Shamba lake nalo liangaliwe.

MASWALI

1. Kwa nini kufyeka kwa panga hakukutosha?
Jibu: Kwa sababu mizizi na mbegu zilibaki udongoni.

2. Magugu ya mizizi yachimbwe wakati gani?
Jibu: Wakati wa kiangazi, ili jua liikaushe mizizi.

3. Kwa nini mkulima hungoja kabla ya kupanda?
Jibu: Ili magugu yachipuke kwanza, apate kuyaparua.

4. Katika kijiji hiki, ni shamba la nani linaloota magugu kwa sababu ya ugonjwa?
Jibu: Kila mtu ajibu mwenyewe, kisha achukue jembe lake.