Ndege ya Kujiundia: Daftari Linasema Nini?

SWALI: Nataka kununua ndege ndogo ambayo mwenyewe aliiunda kwa vipuri vya kiwandani, niwe naruka Mwanza hadi Ukerewe. Daftari la usajili na kumbukumbu za ajali zitanionyesha kama ni salama?

JIBU: Zitakuonyesha, mradi uzisome pamoja. Idadi ya ajali haina uzito mpaka uigawe kwa idadi ya ndege, au bora zaidi, kwa saa zilizorushwa. Kwetu ndege hizi ni chache mno kutoa wastani, basi tutazame Marekani. Mwaka 2011 zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za huko, lakini zilihusika katika asilimia 15 ya ajali na 21 ya ajali zilizoua. Utasema daftari lao lilijaa ndege zilizooza mabandani. Kweli, na kuanzia 2010 wenye ndege walitakiwa kusajili upya. Ila ukizifuta hizo mbovu, kigawanyo hupungua, na ajali kwa kila ndege huongezeka!

Wengine husema kosa ni la rubani. Mbona basi zaidi ya nusu ya ajali hizo za 2011 zilikuwa za ndege zilizonunuliwa mkononi? Muundaji anaijua kila ribiti. Mnunuzi anakabidhiwa ufunguo tu. Daftari nalo lina mipaka: kivuko cha MV Nyerere kiliandikiwa abiria 101, lakini kilipopinduka karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, waliokufa tu walizidi 200. Usilipe kabla fundi hajaifungua injini na kulinganisha kumbukumbu za ujenzi na ndege yenyewe.