Moduli Si ya Kuazimana, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, hebu kaa hapa tuongee. Najua umefura. Laptopu uliyoinunua mtumba pale mjini Nakuru ilikuwa ikishika Wi-Fi vizuri; jana ukaisasisha Ubuntu, leo Wi-Fi haionekani hata kwenye menyu, nawe uko hosteli kule Njoro na kazi ya chuo haijatumwa. Kabla hujarudi kumgombeza muuzaji, nisikilize. Laptopu haijaharibika, na wala wewe si mjinga. Yamewakuta wengi.

Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi, hasa vya Broadcom na Realtek, moduli zake, yaani vipande vya programu vinavyoviendesha, haziji na kerneli, kile kiini cha mfumo. Mtu huziongeza kando. Moduli ya namna hiyo hushonwa kwa vipimo vya kerneli moja, kama sare ya shule aliyopimiwa mtoto mmoja. Uliposasisha, iliingia kerneli mpya, na kila kerneli ina folda yake ndani ya /lib/modules. Andika uname -r uone unatumia ipi. Kama jana ilikuwa 5.15.0-91-generic na leo ni 5.15.0-92-generic, usiidharau tofauti hiyo ya nambari moja. Moduli yako imebaki kwenye folda ya 91, na 92 haina habari nayo.

Hapo ndipo haraka inapowaponza wengi. Rafiki wa Kabarak anakuletea faili ya moduli (.ko) kwa flashi, anakuambia kwake inafanya kazi. Ewe, mtegemea cha nduguye hufa maskini! Moduli hubeba alama iitwayo vermagic, inayotaja kerneli iliyojengewa. Isipolingana na yako, mara nyingi utasomewa "Invalid module format", basi. Na afadhali ikataliwe, maana wapo watakaokushauri uongeze --force. Usithubutu. Moduli haikai pembeni kama programu za kawaida. Huingia ndani ya kerneli yenyewe na kugusa kumbukumbu ileile. Mpangilio wa ndani ukiwa umebadilika hata kidogo, itaandika pasipo pake, mashine igande, na faili zako zinaweza kuharibika. Utalia, nami nitalia nawe, lakini tasnifu haitarudi.

Wenye Linux yao hawakuficha jambo hili. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wake wakubwa, aliandika waziwazi kwamba mambo ya ndani ya kerneli hayaahidiwi kubaki vilevile toleo hadi toleo. Kinacholindwa ni programu zako za kawaida.

Sasa futa machozi. Washa upya, ubonyeze Esc (mashine nyingine ni Shift) hadi uione menyu ya GRUB, uingie Advanced options, uchague kerneli ya zamani. Wi-Fi itarudi, utume kazi yako kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao: kerneli ya zamani usiifute mpaka ile mpya ikuridhishe. Au chomeka simu kwa waya wa USB utumie bando lako.

Kisha weka dkms na linux-headers-generic. DKMS, iliyoanzia kampuni ya Dell, huijenga moduli upya kila kerneli mpya inapoingia, mradi moduli imesajiliwa humo na linux-headers za kerneli hiyo zipo. Wengi wenu mnateleza papo hapo: mnaweka zile za kerneli ya siku hiyo tu, mwezi ujao mnarudi kwangu mkilia yaleyale. Hiyo ya generic huzifuata kerneli mpya yenyewe. Hakikisha kwa dkms status.

Na kama Secure Boot imewashwa, utaombwa utunge nywila ya muda. Iandike kwenye daftari, tafadhali. Ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu, nayo haikai sana: chagua Enroll MOK, uiingize. Ukiiacha ipite, moduli itajengwa vizuri lakini kerneli itaikataa kwa kukosa saini inayoitambua, uje useme dada alinidanganya. Ikikupita, endesha sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, uwashe tena, na safari hii usiende kuchemsha chai kabla hujaiona hiyo skrini.