Friji la Haraj na Duka la Likoni

Mdogo wangu wa Sanaiya, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na chai ya karak mkononi.

Unasema miaka minne ya kusimama mlangoni kama sekyuriti imekupa akiba, na sasa unataka kujaza kontena mafriji, viyoyozi na TV za Souq Al Haraj, soko la mitumba pale Najma, Doha, uvishushe Mombasa. Utafungua duka Likoni, uajiri mafundi wawili na mdogo wako. Kisha mwenzako wa chumbani akakuambia unawapelekea watu wa kwenu jaa, na tangu hapo usingizi huna.

Hesabu yako ya ajira naikubali. Umeme wa huku Qatar na wa Kenya ni ule ule, volti 240, hata plagi ya miguu mitatu ni moja. Kitu kizima kikifika kinawaka. Na fundi akiletewa friji lililoungua relei tu, hilo ni tonge la watoto wake.

Ila friji lililokufa nalo huajiri. Humwajiri kijana wa jaani anayechoma nyaya apate shaba ya kuuza kwa kilo, moshi ukimwingia kifuani. Huyo kwenye karatasi yako hukumwandika.

Nami sijitoi. Mwaka wangu wa kwanza Doha nilimtumia mama friji la mtumba. Likawaka wiki tatu. Mpaka leo liko jikoni, mama anawekea unga na sukari, panya hawaingii, na kila mgeni huonyeshwa friji la binti wa Arabuni.

Kwa hiyo siku yako ya ofu nenda Haraj, pesa uiache chumbani. Geuza friji, soma kibandiko cha nyuma. Ukiona R-12, liache hata ukipewa bure: hiyo ni gesi inayokula ozoni, Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuifungia njia, na fundi wa Likoni ataitoa wapi? R-22 ya viyoyozi inafuata nyayo zake. Tafuta R-134a au R-600a, na hii ya pili mwambie fundi inashika moto. Liwashe, weka chupa ya maji ndani, kaa nalo saa nzima. Muuzaji akikuambia "peleka tu, kwenu watatengeneza", ondoka.

Na sheria imekaza. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel hauruhusu taka za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, kuvuka mpaka kabla nchi inayopokea haijaarifiwa na kukubali. Kisichowaka ni rahisi kuhesabiwa taka, basi andika majaribio ya kila kimoja na utunze risiti. Ghana ilishapiga marufuku mafriji ya mtumba tangu 2013. Kwetu nako huenda yakaja hayo, basi usiweke akiba yako yote kwenye mafriji.

Katika kila bei tia kidogo cha kukizikia kitu kikifa. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea vifaa vya namna hii.

Najua, ukichagua hivyo kontena halitajaa. Anza na nafasi ndani ya kontena la wenzako. Na huyo wa chumbani nenda naye Haraj, ana jicho.