Kanisaidiasaidia shilingi ngapi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Kihonda, Morogoro. Naimba Bongo Fleva tangu nikiwa kidato cha pili, nina nyimbo hewani na mtaani wananikubali. Baba yangu ni fundi magari, anataka nishike gereji yake. Februari nilimwomba laki nne na nusu nishuti video, akasema muziki ni uhuni, kisha akaniuliza, "Hiyo hela itarudi lini?" Hakunipa. Juni nikaomba laki mbili tu, akanipa elfu ishirini mbele ya wadogo zangu. Kaka yangu aliyeko Dodoma aliahidi laki na nusu tangu Idi, mpaka leo hapokei simu. Mchumba wangu ni fundi cherehani, yeye amekuwa akinisaidiasaidia, lakini siku hizi amebadilika, kila tukionana ananiuliza barua ya posa naleta lini. Sasa kuna bosi mmoja wa Dar anataka kunisimamia. Atalipia video mbili, nihamie kwake Sinza, nisaini miaka 5, na nisijulikane kwamba nina mchumba ili nisipoteze mashabiki wa kike. Nataka kutoka, Shangazi. Nifuate kipaji changu au nibaki na watu wasioniamini?*

*Njia Panda, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeipunguza. Nimeondoa beti ulizoambatanisha (ubeti wa pili nimeupenda), nimeondoa orodha ya wanaokuonea wivu, nimeondoa na ule ukurasa mzima wa jinsi baba alivyokunja uso. Tarakimu nimeziacha zote kama ulivyoziandika, na wasomaji wangu nawaomba wazirudie.

Baba: laki nne na nusu, Februari. Baba tena: laki mbili, Juni. Elfu ishirini, na mashahidi waliokuwepo. Kaka: laki na nusu, tangu Idi. Kwa kumbukumbu hii ungefaa kuwa karani. Lakini tunapofika kwa binti, karani anasinzia ghafla. Hakuna mwezi wala kiasi. "Amekuwa akinisaidiasaidia."

Kanisaidiasaidia shilingi ngapi?

Unasema una nyimbo zako hewani. Saa za studio alilipa nani, maana baba hakutoa, kaka hakutoa, na wewe hujataja kazi unayofanya? Bando la kupandishia hizo nyimbo je? Na zile nguo za kupigia picha, au alizishona mwenyewe usiku, akaacha gauni la mteja kando? Mtu anayeishi kwa cherehani analipwa kwa gauni lililokwisha, hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Inawezekana pia kwamba alikukopea kwenye kikoba chao, na kikoba kina siku ya marejesho, wala hakiulizi kama wimbo umepigwa redioni. Hujui. Ndilo jambo lililonikera katika barua yako nzima: ulichonyimwa unakijua mpaka mwezi, ulichopewa hujakihesabu hata siku moja.

Ndiyo maana sikubali neno lako kwamba amebadilika. Anakuuliza posa kwa sababu ndicho kitu pekee anachoweza kukudai bila kuonekana anakudai. Angekuja na hesabu, ungesema naye haamini kipaji chako, ukamwandika kwenye orodha moja na baba na kaka. Kwa hiyo anauliza kwa adabu, na wewe unaniandikia mimi kumlalamikia.

Najua ushauri uliotarajia, nao nitautoa haraka. Kaa chini na baba, kama hamuelewani mtume mjomba. Usisaini karatasi ambayo hujaisoma pamoja na mwanasheria. Usimfiche mchumba kwa ajili ya mashabiki ambao bado hujawapata. Hayo utaambiwa na kila mtu, na ni kweli yote.

Langu ni lingine, na waliosoma safu hii kwa muda wanajua silegezi kamba hapo. Pesa iliyotoka kwa mtu anayekupenda ni pesa. Vijana wengi wa kiume mmelelewa vibaya katika hili, na sisi mama na mashangazi tuna sehemu yetu ya lawama. Hela ya bosi wa Sinza mtaiita uwekezaji, mtaiandikia mkataba, itapigwa muhuri, na itarudi kwake na faida. Hela ya binti mnaiita mapenzi. Haiandikwi, haina tarehe, na siku kijana anapotoka, yule aliyetoa hela bila karatasi ndiye wa kwanza kuambiwa asionekane kwenye picha. Angalia masharti uliyoniandikia kwa mkono wako: mtu anataka kuvuna pale binti alipopanda, na sharti lake mojawapo ni kwamba binti apotee.

Muziki wetu unalijua hili zamani. Enzi za dansi mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na mwimbaji, hata awe na sauti gani, alikuwa mpangaji. Jina la Matimila, ambalo Remmy Ongala alilifikisha hadi Ulaya, lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Siku hizi badala ya magitaa na ngoma kuna video, na anayelipia video anakaa kiti kilekile. Harmonize alipotoka lebo ya WCB mwaka 2019 alisema hadharani kwamba kujitoa kwenye mkataba kulimtaka alipe shilingi milioni 500. Huyo alikuwa tayari na jina. Wewe unataka kusaini miaka 5 na hujui hata gharama ya nyimbo ulizokwisha kurekodi. Utajuaje kama bosi anakupa kingi au kidogo?

Hapo ndipo namtetea baba yako, japo si kwa yote. Kukupa elfu ishirini mbele ya wadogo zako ni kukudhalilisha, na kama anasoma gazeti hili, baba, hilo hukufanya vizuri. Tena kuuita muziki uhuni ukiwa Morogoro! Mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe! Wakati huo wanamuziki wengi walikuwa na ajira kama mtu mwingine yeyote. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, polisi walikuwa na bendi yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake. Mpiga gitaa alipokea mshahara.

Lakini ndani ya ukali wake baba alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo katika barua hii: itarudi lini? Ndilo swali analojiuliza mwenyewe kila anaponunua spea. Alikuuliza kama anavyoulizwa mtu mzima mwenye biashara, wewe ukasikia tusi. Ungekuwa na jibu, hata jibu dogo, kwamba video itakupatia shoo mbili za harusi kwa mwezi na kila shoo ni kiasi fulani, huenda mngebishana bei. Hukuwa nalo, kwa sababu hesabu huna. Bosi wa Sinza hakukuuliza swali hilo kwa kuwa yeye jibu lake analo: hela yake itarudi ndani ya miaka 5, kutoka kwenye koo lako.

Sasa fanya hivi. Nunua daftari la kurasa 48. Nenda kwa binti mchana, dukani kwake, wakati hana mteja, usiende usiku na maneno matamu. Mwambie, "Naomba tuandike ulichonipa." Usishangae akikutajia vyote bila kufikiri. Fundi cherehani huandika vipimo na malipo ya awali ya kila mteja, na nina hakika wewe umo mahali fulani katika madaftari yake. Andika kila kitu, na mkigombana juu ya kiasi chochote, andika kiasi anachosema yeye. Jumlisha, kisha weka sahihi kwa jina lako la kuzaliwa, lile la jukwaani liache.

Kisha nenda gereji. Zungumza na baba kama fundi anayeomba kazi: asubuhi hadi saa nane, kwa ujira mtakaokubaliana, na jioni ni ya muziki. Ujira wa mwezi wa kwanza upeleke kwa binti, na wa pili, mpaka jumla iishe. Dawa ya deni ni kulipa, hata wahenga hawakupata nyingine. Posa ipeleke baada ya hapo, au mapema zaidi kama yeye mwenyewe atakusamehe sehemu, lakini usithubutu kumtolea mahari kwa pesa zake.

Nyimbo zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamwonyesha bosi yeyote kitu kingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mali ya muda huo haiuzwi kwa video mbili na chumba Sinza. Akikuambia usajili ni kupoteza muda, una jibu lako.

Na wewe binti, kama gazeti hili limekufikia, acha kutoa hela. Usimwache, usimgombeze, acha tu kutoa mpaka daftari lije. Kijana akileta daftari kabla hujamwita, mpe muda. Akikuletea wimbo wenye jina lako badala ya daftari, mrudishie wimbo wake.

Njia Panda, swali lako la Sinza nitalijibu, sijalikimbia. Nitumie kwanza ile jumla, imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi mbili chini yake, yako na yake. Barua nyingine isiyo na jumla hiyo sitaifungua.