SOMO LA AFYA NA IMANI: MIONZI BAADA YA UPASUAJI WA KANSA YA MJI WA MIMBA

Masomo ya kusoma nyumbani: Isaya 38:1-5 na 21, Luka 14:28-30, Wagalatia 6:2



Katika vikundi vya maombi vya wamama hapa kambini kuna swali linalorudi mara kwa mara. Mama amepasuliwa Mbarara au Kampala, mji wa mimba umetolewa kwa sababu ya kansa, kidonda kimepona, naye yuko nyumbani anamshukuru Mungu. Kisha daktari anamwita na kumwambia afikirie kupata tiba ya mionzi. Hapo nyumba inagawanyika. Papa anauliza, kama kansa imeshatolewa, mionzi ni ya nini? Binti anasema tuuze mbuzi twende. Jirani anasema mionzi inaunguza matumbo. Na mwingine, tena mtu wa kanisa, anasema kukubali mionzi ni kutoamini kwamba Mungu ameponya. Mama mwenyewe ananyamaza, na majuma yanapita. Majuma hayo yana maana, kwa kuwa madaktari hupenda mionzi hii ianze kabla ya majuma 8 mpaka 12 kupita tangu upasuaji.

Somo hili halitamwambia mama yeyote akubali au akatae. Linataka kumsaidia aamue kwa kujua, si kwa hofu wala kwa maneno ya njiani.

1. Maombi na dawa havigombani

Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Aliomba kwa machozi na Mungu akamsikia. Lakini tukisoma mstari wa 21 tunaona kwamba nabii yule yule aliyeleta habari ya kupona aliagiza pia tini ziwekwe juu ya jipu. Hezekia hakuambiwa achague kimoja. Basi mama anayekwenda kwenye mionzi hajamwacha Mungu. Vilevile mama ambaye daktari amemwambia haihitaji, naye akabaki nyumbani, hajafanya uzembe. Katika ugonjwa huu yote mawili yanaweza kuwa uamuzi mzuri. Inategemea majibu ya maabara.

2. Tusichanganye kansa mbili

Hapa kwetu kansa ya wamama inayojulikana zaidi ni ile ya mlango wa mji wa mimba. Kwa kansa hiyo, ikiwa imeshaenea, mionzi ndiyo tiba kubwa yenyewe. Kansa tunayoizungumzia leo inaanza ndani, kwenye utando wa mji wa mimba. Huwapata zaidi wamama walioacha kwenda mwezini, na dalili yake kubwa ni damu kutoka tena. Tiba yake kubwa ni upasuaji. Mionzi ikija baadaye, inakuja kama nyongeza, ya kuzuia mabaki yasiyoonekana kwa macho yasiote tena.

Kwa hiyo habari ya jirani aliyepata mionzi kwa kansa ya mlango si habari yako, mama. Ugonjwa ni mwingine, na kipimo cha mionzi kinaweza kuwa kingine.

3. Karatasi ya maabara ndiyo inayosema

Mji wa mimba ukishatolewa hupelekwa maabara na kuchunguzwa. Majibu yake yana mambo ambayo kila mama ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa:

a) Hatua. Hatua ya 1 maana yake kansa ilikuwa bado ndani ya mji wa mimba. Hatua ya 2 imeingia kwenye mlango wake. Hatua ya 3 imetoka nje, kwa mfano kwenye tezi za nyonga. Hatua ya 4 imefika kibofu, utumbo au mbali zaidi.

b) Kina. Mji wa mimba una ukuta wa nyama. Je, kansa iliingia chini ya nusu ya ukuta huo, au nusu na zaidi?

c) Daraja. Daraja la 1 ni kansa ya polepole. La 3 ni kali.

d) Kama chembe za kansa zilionekana ndani ya mishipa midogo.

Umri nao unahesabiwa, hasa kuanzia miaka 60.

Kwa ujumla, mama mwenye hatua ya 1, kina chini ya nusu, daraja la 1 au la 2, na mishipa safi, huwa haongezewi mionzi. Hatari yake ya kurudiwa ni ndogo, na mionzi ingemletea taabu kuliko faida. Aliye katikati, kwa mfano kina kimepita nusu lakini daraja ni la 1 au la 2, mara nyingi hushauriwa mionzi ya ndani. Mwenye daraja la 3 lenye kina kirefu, au hatua ya 2 na kuendelea, hushauriwa mionzi ya nje, na pengine dawa za kansa za mshipani pamoja nayo. Huyu wa mwisho asikatae kwa sababu ya uvumi tu.

4. Mionzi inazuia nini?

Madaktari wa Uholanzi walifuatilia wamama 714 wa hatua ya 1 waliokuwa na hatari ya katikati, wakatoa matokeo mwaka 2000. Nusu walipata mionzi ya nje baada ya upasuaji, nusu hawakupata. Ndani ya miaka 5, kati ya kila wamama 100 wasiopata mionzi, 14 walirudiwa na kansa kwenye uke au nyonga. Kati ya 100 waliopata, ni 4 tu.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Idadi ya walioishi haikutofautiana kwa maana: 81 kati ya 100 waliopata mionzi, na 85 kati ya 100 wasiopata. Inakuwaje? Wengi wa waliorudiwa, ugonjwa ulirudi juu ya uke, mahali ambapo mionzi ingeweza kuufikia wakati huo na kuwatibu wengi wao. Kwa hiyo, kwa mama wa kundi hili, kungoja si kujiua. Ila kungoja kunafaa kwa mama anayeweza kurudi kupimwa kila miezi michache katika miaka 2 au 3 ya kwanza, na atakayekwenda hospitali mara moja akiona damu. Asiyeweza kurudi hangoji, anaacha tu. Hapa kambini swali hilo ni zito, tulijibu kwa ukweli.

5. Gharama mwilini

Bwana Yesu alitoa mfano wa mjenzi wa mnara anayekaa kwanza kupiga hesabu kama atamaliza. Nasi tupige hesabu.

Mionzi ya nje hutolewa siku 5 kwa juma, kwa majuma kama 5. Mama analala chini ya mashine dakika chache, haumii. Baada ya siku kadhaa huanza uchovu, kuhara na kukojoa mara kwa mara. Kwa wengi huisha. Kwa wachache utumbo au kibofu husumbua kwa miaka. Katika utafiti ule wa Uholanzi, 25 kati ya 100 waliopata mionzi walikuwa na madhara, wengi madhara madogo, na 6 kati ya wasiopata.

Mionzi ya ndani huwekwa ndani ya uke kwa muda mfupi na kutolewa. Mara nyingi ni safari 3 tu. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa wamama 427, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kwa walio katikati inazuia kansa kurudi kwenye uke sawa na ile ya nje: chini ya 2 kati ya 100 kwa makundi yote mawili. Na kuhara kulikuwa kidogo zaidi. Mama aulize kama hii inamfaa.

Aina zote mbili zinaweza kufanya uke ubane. Kuna vifaa na mazoezi ya kuzuia hilo. Mama na papa waulize bila aibu, tendo la ndoa ni jambo halali. Nywele za kichwa hazing'oki kwa mionzi ya nyonga. Wala mama akirudi nyumbani hana mionzi ya kumdhuru mtoto, ampakate.

6. Gharama za safari

Mashine ziko Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda pale Mulago. Kutoka Mbarara ni kama kilomita 270, na majuma 5 hayawezekani kwa kwenda na kurudi. Panahitajika mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kubaki na watoto. Mtakumbuka pia kwamba mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika kabisa, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Basi kabla ya kupanda basi, kituo cha afya kipige simu kuhakikisha tarehe.

Barua ya rufaa, kitambulisho cha mkimbizi na majibu ya maabara vitiwe kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mvua na mchwa. Toeni nakala. Anayengoja kuhamishiwa nchi ya tatu asafiri na nakala hizo, na daktari wa huko aambiwe kama mionzi ilishatolewa, kwa sababu mahali pale pale hapawezi kupewa tena kipimo kamili mara ya pili.

7. Nani anaamua?

Mwili ni wa mama, na uamuzi ni wake, akisaidiwa na daktari na watu wa nyumbani. Kazi ya kanisa si kupima imani yake. Kazi yetu ni kuuchukua mzigo pamoja naye: zamu ya kuteka maji, kupalilia shamba lake, mchango wa nauli, mtu wa kumtafsiria Kiingereza au Kiganda mbele ya daktari. Mama mwingine hukataa mionzi si kwa kuiogopa, bali kwa kutojua watoto watakula wapi. Huyo kanisa linaweza kumjibu.

Maswali ya kumuuliza daktari
- Hatua yangu ni ya ngapi, kina ni kipi, daraja ni lipi?
- Nisipopata mionzi, kati ya wamama 100 kama mimi wangapi hurudiwa? Nikipata, wangapi?
- Ya ndani peke yake inatosha?
- Nikingoja, nirudi lini, na dalili gani inilete mapema?

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Tini za Hezekia zinatufundisha nini kuhusu dawa?
2. Ni maneno gani tunayowaambia wagonjwa yanayowaongezea mzigo?
3. Katika kijiji chetu, nani atakaa na watoto mama akienda majuma 5?

Ombi: Ee Bwana, wape wamama wetu wagonjwa akili tulivu ya kuamua, wape madaktari ukweli na upole, na utupe sisi mikono ya kusaidia. Amina.